Upande wa Bibi: Kisa cha Bustani na Mashine ya Kusafisha Damu Mjini Mtwara

Kisa ninachokichambua hapa ni cha dada yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 61, mkulima wa korosho kutoka uwanda wa juu wa Makonde, wilayani Newala, ambaye tangu Machi 2023 anaishi mjini Mtwara kwa binti yake kwa sababu figo zake zimeacha kufanya kazi na damu yake husafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki. Ameniruhusu nikieleze kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, na nisiandike kana kwamba yeye ni mtu aliyekaa akisubiri kufa. Sharti la kwanza ni jepesi. Sharti la pili ndilo lililonisukuma nishike kalamu, kwa kuwa kwa miezi kadhaa mimi mwenyewe nilimtendea kama mtu wa namna hiyo, ingawa nilikuwa nikimpenda na nikiamini kwamba namlinda.

Nilifundisha baiolojia sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa desturi zetu sisi watu wa Kusini mimi ni mjomba wa watoto wake, hivyo neno langu katika mambo ya familia lina uzito kuliko la baba yao. Mtu asiyezifahamu mila hizi huenda akaona ajabu kwamba kaka mdogo ndiye aliyeamua dada yake akae wapi, ale nini na afanye nini. Kwetu si ajabu, na ndiyo maana kosa lililotendeka katika kisa hiki ni langu kabla ya kuwa la mtu mwingine yeyote.

Ugonjwa wenyewe ulianza kama unavyoanza kwa wengi. Dada alikuwa na presha iliyogunduliwa miaka mingi nyuma, akapewa vidonge, akavimeza alipojisikia vibaya na kuviacha alipojisikia vizuri, kwa sababu presha haiumi na mtu anayepalilia mikorosho haoni sababu ya kumeza dawa akiwa na nguvu zake. Presha isiyodhibitiwa huharibu mishipa midogo ya figo polepole, bila kelele, na figo zina akiba kubwa kiasi kwamba mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake kabla ya kuhisi lolote. Alipoanza kuvimba miguu, kukosa hamu ya chakula na kutapika asubuhi, sisi tulidhani ni vidonda vya tumbo. Vipimo vya damu vilipochukuliwa, kreatinini, taka ya mwili ambayo figo nzima huitoa kwenye damu, ilikuwa juu sana na daktari hakuwa na mengi ya kupendekeza isipokuwa mashine.

Inafaa msomaji aelewe mashine ile inafanya nini na haifanyi nini, maana maisha yote ya dada yanapangwa na tofauti hiyo. Figo nzima za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, usiku na mchana, na kurudisha mwilini karibu yote. Mashine hufanya kazi saa nne, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, yaani saa 12 katika wiki yenye saa 168. Katika saa zile 156 zilizobaki, maji aliyokunywa hubaki mwilini na kuulemea moyo, na potasiamu, madini yaliyomo katika vyakula vingi, hujikusanya katika damu. Potasiamu ikipanda kupita kiasi huvuruga mapigo ya moyo, na inaweza kuusimamisha bila mgonjwa kuona dalili kubwa kabla. Kwa hiyo mgonjwa wa mashine huishi kwa vipimo. Dada, ambaye bado hupata mkojo wa kama kikombe kimoja kwa siku, aliruhusiwa mililita 750 za kinywaji kwa siku nzima, uji, chai na mchuzi vikiwemo.

Nilipompokea kutoka Newala, nilikaa na watoto wake na kutoa agizo: mama yenu asiguse jembe, asibebe ndoo, asiingie jikoni. Wakati ule agizo lilikuwa na sababu nzuri. Damu yake ilikuwa ikipitia kwenye mpira uliopachikwa shingoni, na mpira ule, ukiingia vumbi au maji machafu, unaweza kupeleka vijidudu moja kwa moja kwenye damu karibu kabisa na moyo. Kumweka mbali na udongo kulikuwa ni sehemu ya matibabu. Lakini katika miezi iliyofuata alifanyiwa upasuaji mdogo wa kuunganisha mshipa wa ateri, unaotoa damu moyoni, na wa vena, unaoirudisha, katika mkono wa kushoto, njia iliyobuniwa na madaktari wa New York na kutangazwa mwaka 1966, ambayo humpa mgonjwa mshipa mpana, imara, wa kuchomwa sindano kila kipindi. Mshipa ulikomaa, mpira wa shingoni ukatolewa mwezi Agosti, na sababu ya agizo langu ikaisha. Agizo lenyewe likabaki. Hakuna aliyenikumbusha, na mimi sikujiuliza.

Kwa kipindi hicho vipimo vya hospitali vilikuwa vinapendeza. Presha ilishuka, uvimbe uliisha, uzito wake bila maji ya ziada, ambao wauguzi huuita uzito mkavu, ulitulia kwenye kilo 54. Nyumbani hali ilikuwa tofauti. Alikaa barazani kuanzia asubuhi hadi jua linapozama, khanga imefunika mkono wenye mshipa, akijibu salamu za wapita njia kwa sauti ambayo sikuizoea. Chakula kililetwa mbele yake, maji ya kunawa yalimwagwa juu ya mikono yake, na mkwe wake alikuwa akikunja mkeka aliokalia. Siku moja, tukirudi kutoka hospitali kwa bajaji, aliniambia kwamba anataka kuacha mashine arudi kwake. Nikamuuliza anaumwa wapi. Akasema, “Siumwi, mdogo wangu. Nimekuwa mzigo. Napakiwa, napakuliwa, nawekwa kivulini.”

Sikuwa na jibu, na kwa tabia ya ualimu nikaanza kumfundisha. Nilimweleza habari za Willem Kolff, daktari wa Uholanzi aliyetengeneza mashine ya kwanza iliyofaa kwa binadamu mwaka 1943, nchi yake ikiwa imekaliwa na majeshi ya Wajerumani, vifaa hakuna, akatumia karatasi laini ya selofeni iliyokuwa ikifungiwa soseji. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walifariki. Ndipo mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67, aliyekuwa amepoteza fahamu, akaamka baada ya kuunganishwa na mashine hiyo, akaendelea kuishi kwa miaka kadhaa. Nilidhani kwamba kusikia kuwa mtu wa kwanza kuokolewa na mashine alikuwa mwanamke mtu mzima kama yeye kungemtia moyo. Dada alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Alipoamka, alikwenda kufanya nini?”

Sikulijua jibu, na ninaona sasa kwamba swali lile lilikuwa bora kuliko somo langu. Mimi nilikuwa nikihesabu miaka. Yeye alikuwa akiuliza kazi.

Bustani haikuanzishwa na mimi wala na mtu yeyote katika wale tuliojiona walezi wake. Mwishoni mwa Agosti, binti yake alirudi kutoka sokoni akamkuta ameketi juu ya kigoda nyuma ya nyumba, mbele yake kiroba cha simenti kilichokatwa katikati na kujazwa mchanga uliochanganywa na samadi ya kuku ya jirani, na mjukuu wake wa kiume wa miaka minane amechutama pembeni akishika kopo la maji. Dada alikuwa amefungua pindo la khanga, mahali ambapo wanawake wetu hufunga hela, na ndani yake hamkuwa na hela bali mbegu za mchicha alizotoka nazo Newala mwezi Machi. Miezi mitano alilala nazo. Mpwa wangu alinipigia simu akilia, hajui amkataze au afanye nini, na kwa kuwa agizo lilikuwa langu, ilinibidi niende.

Nilifika nimejiandaa kukemea. Nilimkuta akibonyeza mbegu kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, mkono wa kushoto ameulaza mapajani, ukiwa umefungwa kitambaa safi. Alikuwa amefikiria yote ambayo mimi ningeyasema. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti yake ya zamani, nikakaa chini kwenye mchanga.

Kabla hatujaendelea tulikwenda kuwauliza wauguzi na daktari wake, na ninamshauri kila mwenye mgonjwa wa namna hii afanye hivyo kabla ya kuruhusu na kabla ya kukataza. Hawakukataza. Walitupa mipaka ambayo kila mmoja ulikuwa na sababu inayoeleweka. Mkono wenye mshipa usibebe ndoo wala keni, usilale chini ya mwili, usipimwe presha, usifungwe saa wala bangili ya kubana. Avae glavu, kwa kuwa mwili wa mgonjwa wa figo hupambana na vijidudu kwa udhaifu, na apate chanjo ya pepopunda. Samadi iwe imeoza vizuri na ilowanishwe kabla ya kuchanganywa ili vumbi lisimwingie kifuani. Siku ya mashine asishike panga wala kisu cha kukatia, kwa sababu wakati wa kusafishwa damu huwekewa dawa ya kuizuia isigande, na kwa saa kadhaa baadaye hata mkwaruzo mdogo huvuja kuliko kawaida. Siku hiyo kwa vyovyote huwa amechoka mno. Kazi yake ikawa ya Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kuanzia alfajiri hadi jua linapoanza kuchoma, na wakati huo nyumba nzima humsikia akimwamsha mjukuu kwa maneno ya watu wa huku: kuchele, kumekucha.

Mjukuu huyu anastahili aya yake. Wauguzi walisema mshipa wa mkononi uguswe kila siku, maana damu ya ateri inapoingia kwa nguvu katika vena hutetemesha ngozi, na mtetemo ule ukitoweka ina maana mshipa umeziba na mgonjwa awahishwe hospitali siku hiyohiyo. Dada alimpa mjukuu kazi ya kuugusa. Kila asubuhi, kabla ya kwenda bustanini, mtoto huweka vidole viwili juu ya kovu, hufumba macho, husikiliza kwa ngozi, kisha hutangaza, “Bibi, nyuki yupo.” Dada humjibu, “Basi twende, mume wangu, kabla hajaruka,” kama mabibi wote wanavyowatania wajukuu wao. Nimeliona jambo hili mara nyingi na bado hunigusa. Uchunguzi ambao ungeweza kuwa wa hofu kila siku umegeuka kuwa salamu yao wawili, na haujasahaulika hata mara moja, jambo ambalo sidhani sisi watu wazima tungeliweza.

Ugumu mkubwa ulikuwa chakula, na hapa ndipo kisa kinapohusu Mtwara na Lindi hasa. Orodha ya vyakula ambavyo mgonjwa wa mashine anapaswa kuvipunguza au kuviacha kwa ajili ya potasiamu inasomeka kama orodha ya vyakula vyetu: muhogo, kisamvu, viazi vitamu, mbaazi, kunde, ndizi, mchicha, tui la nazi, madafu. Korosho ina potasiamu na fosforasi pia. Ming'oko, ambayo watu wa mikoa hii huichimba porini na kuichemsha, na ambayo dada angeacha pilau kwa ajili yake, ni mizizi kama mizizi mingine. Hata mti wa mbilimbi uliokuwa uani, ambao binti yake alikuwa akiutengenezea achari, ulikuwa na habari yake: tunda lile lina asidi ya okzaliki nyingi sana, na kutoka jimbo la Kerala nchini India madaktari wameripoti watu ambao figo zao zilikufa ghafla baada ya kunywa juisi yake. Tunda la nyota, ambalo ni ndugu wa mbilimbi, lina sumu inayoweza kumtia mgonjwa wa figo kwikwi zisizokoma na kumchanganya akili. Mti ule hatukuukata, lakini achari yake haikai tena mezani.

Sasa, mtu akiwa mkulima maisha yake yote, akaambiwa kwamba karibu kila alichowahi kupanda kinaweza kumuua, anapandaje tena? Mimi nilidhani ataona uchungu. Dada aliitatua kwa kuigawa bustani mara mbili kwa kijia cha mchanga. Mkono wa kulia wa kijia alipanda anavyoweza kula kwa kipimo: bilinganya, pilipili hoho, matango, vitunguu, na kabichi ambazo kwa joto la Mtwara zilikataa kufunga tukala majani yake yakiwa wazi. Huo ukaitwa upande wa bibi. Mkono wa kushoto alipanda mchicha, majani ya maboga, kunde na mashina machache ya muhogo kwa ajili ya kisamvu. Huo ukaitwa upande wa watoto, nao ndio mkubwa, na ndio anaoutunza zaidi.

Niliwahi kumwuliza kwa nini anaupa nguvu zaidi upande ambao hauli. Akaniuliza mimi nilipokuwa nikifundisha nilikuwa najifunza nini ambacho sikuwa nakijua. Nadhani jibu lake ndilo lililonieleza furaha yake kuliko yote niliyosoma kuhusu faida za bustani kwa wagonjwa. Ni kweli kwamba mwendo mdogo humsaidia, usingizi wake umekuwa bora, na mikono inayoshughulika humwondolea mawazo. Yote hayo nimeyaona. Lakini furaha yenyewe ilirudi siku ile binti yake alipochuma mchicha wa kwanza, wiki ya nne tangu kupandwa, akapika, akapakua, na watoto wakala wakisema mboga ya bibi. Yeye alikuwa na wali wake na bilinganya ya kununua, maana za kwake zilikuwa bado, na alikula sahani nzima. Kwa miezi mitano tulikuwa tumempa kila kitu na kumnyang'anya nafasi ya kutoa chochote.

Kuhusu maji kuna jambo ambalo sikulitarajia. Ukiwa na ruhusa ya mililita 750 kwa siku katika mji wenye joto la pwani, kiu inakuwa ndiyo mawazo yako ya kwanza na ya mwisho, na niliogopa kwamba kumwagilia maji kila siku kungekuwa adhabu. Lakini sisi tuliozaliwa juu ya uwanda wa Makonde tulijifunza thamani ya maji kwa miguu yetu, maana kijijini kwetu maji yalifuatwa bondeni, mama zetu wakiyapandisha mlimani vichwani, na mtoto alijua kikombe chake ni kipi na kinaisha lini. Dada aliichukua chupa ya nusu lita na nusu yake, akaichora mistari kwa kalamu, na kuitumia kama alivyoona mama akiutumia mtungi. Alipunguza chumvi katika chakula kwa sababu chumvi ndiyo mama wa kiu, akaacha ng'onda, wale samaki wa kukaushwa kwa chumvi, akajifunza kusukutua na kutema. Na kuhusu mimea aliniambia kwamba mchicha ukinywa kiu yake inapungua kidogo, na ukinyauka inamzidi. Hilo sitalieleza kisayansi.

Haikuwa njia iliyonyooka. Jumapili moja ya Novemba, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, walikuja jamaa kutoka kijijini kumwona mgonjwa, nao kwa heshima hawakuja mikono mitupu. Walileta madafu sita na kikapu cha ming'oko iliyochemshwa. Imani kwamba dafu husafisha figo imeenea sana kwetu, na kwa mtu mwenye figo nzima halina ubaya. Kwa dada lilikuwa ni mzigo wa potasiamu unaoingia mwilini bila njia ya kutoka, tena siku ya Jumapili, ambayo kwa mwenye ratiba kama yake ndiyo mbaya kuliko zote kwa kuwa amekaa tangu Ijumaa bila mashine. Hakutaka kuwavunja moyo wageni. Alikunywa dafu moja, akala ming'oko mitatu minne, akacheka nao hadi jioni, na binti yake aliyekuwa jikoni hakuona.

Jumatatu alfajiri alishindwa kuinuka kitandani. Miguu ilikuwa kama si yake. Mjukuu aliweka vidole mkononi, akasema nyuki yupo lakini anakwenda polepole, na kwa maneno hayo mpwa wangu hakusubiri saa ya kipindi, akaita gari. Hospitalini moyo ulipimwa kwa mashine ya umeme, damu ikaonyesha potasiamu ya 6.9 wakati kikomo cha kawaida ni kama 5, akachomwa sindano ya kalsiamu ya kuulinda moyo na kuwekwa kwenye mashine kabla ya wengine wote. Ilipofika mchana alikuwa akiongea. Ilikuwa ni bahati na wepesi wa binti yake, na sipendi kuipamba siku ile.

Jioni yake nikaitisha kikao. Wapo waliosema bustani ndiyo imemzoesha vibaya, imemtia kiburi cha afya, ing'olewe na arudishwe barazani. Nakiri kwamba mwanzoni nilikaribia kukubali, kwani hofu hutafuta kitu cha kukamata na bustani ndiyo iliyokuwa karibu. Lakini tulipoipitia siku ile hatua kwa hatua tuliona kwamba hakuna kilichotoka bustanini kilichomdhuru. Alidhurika kwa heshima ya wageni na kwa ukimya wetu, kwa kuwa ndugu wa kijijini hawakuwahi kuelezwa chochote. Tulikuwa tumeuficha ugonjwa kwa maneno ya jumla, “mama anasumbuliwa na figo,” tukiamini tunamhifadhia heshima, na watu waliompenda wakaleta walichoamini kuwa ni dawa.

Tangu hapo wageni hupelekwa kwanza bustanini. Dada mwenyewe huwatembeza, akiwaonyesha kijia na pande zake mbili, huku mjukuu akitangulia kama mkuu wa msafara. Mgeni akifika mwisho wa matuta amekwisha kuelewa bila hotuba kwamba kuna vya bibi na kuna vya watoto, na kwamba zawadi nzuri ni sabuni, sukari kidogo, glavu au mbegu. Wanaotaka ale muhogo pamoja nao siku ya sherehe wamejifunza kuumenya, kuukata vipande vidogo, kuuloweka na kuuchemsha kwa maji mengi yanayomwagwa yote, ambayo hupunguza potasiamu bila kuimaliza, na kumpakulia vipande viwili, siku ya mashine. Niliwaona wanaume wa Newala wakilowesha muhogo na nikafurahi sana.

Sitaki msomaji adhani kwamba kila siku ni njema. Zipo Jumatano ambazo hurudi amejikunja kwa maumivu ya misuli, halafu Alhamisi hainuki, na mimea humwagiliwa na mtoto peke yake naye akiwa kimya. Mgonjwa wa kiti cha pili, aliyekuwa akibadilishana naye mbegu za bamia, alifariki mwaka 2024, na kwa wiki mbili dada hakuzigusa zile bamia. Kupandikizwa figo, ambako hapa nchini kulianza Muhimbili mwaka 2017, tumekuzungumzia, na watoto wake wawili wamejitolea kupimwa. Yeye hajakubali bado, kwa sababu za mama zinazoeleweka, na mimi safari hii sijatoa agizo.

Mwezi Oktoba mwaka jana aliomba kwenda Newala kuona korosho zikiokotwa. Zamani ningesema hapana kabla hajamaliza sentensi. Tulikaa, tukaipanga: aondoke Jumamosi asubuhi baada ya kupumzika kutoka mashine ya Ijumaa, abebe chupa yake yenye mistari na chakula chake, asisogee walipo watu wanaochoma korosho na kutoa moshi, alale usiku mmoja, arudi Jumapili mchana. Nilikwenda naye. Aliketi kwenye kigoda chini ya mkorosho alioupanda mwaka aliojifungua mtoto wa kwanza, mkono wa kulia ukitenganisha korosho na bibo, mkono wa kushoto mapajani, akiwaelekeza wanawe ni miti ipi ikatwe matawi kabla ya mvua. Hakuonja hata moja. Aliondoka na miche miwili ya mpapai ndani ya makopo, kwa ajili ya upande wa watoto.

Jumatatu alipanda kwenye mizani ya hospitali kama kawaida. Muuguzi alisoma kilo 55.4, akaandika, akasema maji yaliyoongezeka ni machache kuliko wiki mbili zilizopita. Dada alikuwa amekwisha kugeuka, ananiuliza kama mjukuu ameimwagilia ile miche kabla ya kwenda shule au inangoja jua.